Shubiri ya Kumwachisha Musyoka

Siku hizi kila sabuni eti ina mshubiri, na zote zinanukia kama keki. Nikiinusa dukani hucheka peke yangu, kisha kicheko kinaniisha. Mshubiri ninaoujua mimi haunukii hivyo, jamani. Ukilikata jani lake, uchungu unaufahamu kooni kabla hujaweka kitu ulimini.

Wetu ulitoka Kitui, ule wa porini ambao sisi Wakamba tunauita kiluma. Mama aliutundika kwa waya juu ya mlango wa chumba chetu Kawangware, mizizi ikining'inia bila udongo wala maji. Majani yake yalikuwa manene, yenye meno ya kahawia pembeni, na jua likizidi yaligeuka mekundu badala ya kufa. Mwaka ule wa uchaguzi wa 2007 mmea ulitoa hata shina la maua, likajipinda kutafuta juu. Mama alinifundisha kwamba ule ute mweupe wa ndani hauna neno. Shubiri yenyewe ni maji ya manjano yanayotangulia kutoka, pale chini ya ganda.

Hayo ya manjano ndiyo aliyojipaka matitini baada ya Krismasi, amwachishe ndugu yangu Musyoka ziwa, kwa kuwa alikuwa amepata kazi ya kufulia watu nguo. Musyoka, mwaka mmoja na kidogo, alionja mara moja tu, akamtazama mama kama mtu aliyetapeliwa. Tulicheka hadi machozi.

Kisha matokeo ya kura yakatangazwa na Nairobi ikawaka. Maduka yakafungwa, maziwa ya pakiti yakapotea, unga pia. Baba alikuwa amekwama Kitui. Musyoka akaanza kuhara, na uji wetu wa maji matupu akaukataa. Mama akataka kumrudishia ziwa. Alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka, lakini mtoto akiliona tu anageuza uso na kulia. Maziwa yalikuwepo, yanailowesha blauzi, na mtoto ananyauka mapajani pake. Macho yakamzama. Baadaye akaacha hata kulia, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

“Nimemuua mtoto kwa mkono wangu,” mama akasema.

Siku hizo ndipo jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Akinyi, aliporudi. Alikuwa ameenda Krismasi kwa dada yake Kibera, Akinyi mchanga akiwa mgongoni. Njia zilipofunguka kidogo akarudi kwa miguu, mgongo mtupu. Watu wa ploti yetu walikuwa wameshaanza kutazamana kwa kabila, Mjaluo huku, Mkamba kule, na salamu zilikuwa zimepungua. Yeye aliingia kwetu bila hodi, akamtazama Musyoka, akaketi kitandani.

“Nipe huyo mtoto.”

“Na wako je?” mama akamuuliza.

“Wangu hanyonyi tena.”

Musyoka akalishika ziwa lile geni, akanyonya mpaka jasho likamtoka puani. Mama akasimama, akanivuta mkono, akafunga mlango nyuma yetu. Tukakaa kizingitini na moshi wote ule, makelele ya vijana yakitoka upande wa barabara. Nilidhani anaona wivu. Kuhusu Akinyi nilikuwa na jibu tayari, maana nilikuwa mjuaji: naye kapakiwa shubiri, kisha kaachwa kwa mama yake mkubwa asahau ziwa, kama tunavyofanya kwetu. Nikamwambia mama hivyo. Akaniambia ninyamaze.

Musyoka alipona, na leo ananipita kimo. Mimi nilikuja kuelewa nilipokuwa na mwanangu wa kwanza, matiti yakiniuma kwa kujaa, nikamuuliza mama kuhusu siku ile. Akinyi alishikwa na homa Kibera, na barabara zilivyozibwa hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitali. Mama alielewa pale pale kitandani. Alitutoa nje ili mwenzake apate kulia, mtoto akiwa kifuani, bila mtu wa kumtazama.