"Nyinyi" ya Mzee Bartolomayo

Mzee Bartolomayo alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka mingi alichunga na kuogesha mifugo kule Mpwapwa, na ng'ombe, msomaji wangu, hahitaji hotuba. Mkewe alipofariki, mwanawe Gerson akamleta Nzuguni akae nao, yeye na mkewe Sidonia, binti wa Kondoa.

Waliishi vizuri, ila jambo moja lilikuwa likimchoma Sidonia kidogo kidogo. Mzee akila mlenda, atasema, "Nyinyi mnapenda chumvi." Akikuta mlango wazi, "Nyinyi hamfungi milango." Sidonia akawa anajiuliza moyoni: sisi kina nani? Sisi wa Kondoa?

Jumapili moja, wametoka kanisani, mzee akaonja ugali, akasema kwa upole kwamba leo nyinyi mmewahi mno kuupakua. Sidonia akaweka mwiko chini.

"Baba, aliyepika ni mimi. Kondoa nzima haikuwepo jikoni. Lakini ndivyo mlivyo Wagogo wote, mnadharau watu."

Lile neno "wote" lilikuwa limemwingia mzee. Tangu ujana wake ameyasikia: Wagogo wote hivi, Wagogo wote vile, ombaomba, naye hajawahi kumnyooshea mtu mkono. Akanawa, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo arudi Mpwapwa, kwenye nyumba isiyo na mtu.

Gerson ndiye aliyemfungua mkewe macho. "Kwetu mkwe hasemeshwi kama mtoto," akamwambia. "Hata salamu: ya kawaida ni mbukwa, ya heshima ni mbukwenyi, kama vile mko wengi. Baba anakuheshimu kwa Kigogo, ila mdomoni kinatoka Kiswahili."

Sidonia akaenda kusimama mlangoni. Mzee alikuwa na begi mkononi.

"Baba, nisamehe. Hao Wagogo wote niliowasema, nawajua wawili tu. Mmoja kanioa."

"Na wa pili?"

"Wa pili ananikimbia na begi."

Mzee akacheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akauliza sasa amwiteje, maana kumwambia mkwe "wewe" ulimi wake unakataa. Sidonia akasema amwite jina lake tu, inatosha. Mzee akalipima lile jina kimya, akakohoa.

"Sidonia," akasema, "ule ugali haujaiva."

Sidonia akaenda kuurudisha jikoni.