Msusi wa Kiirua Asiyetaka Msaada Wako

Mimi nauza viazi hapa Kiirua, kando ya saluni ya Mukiri. Kati yetu kuna bati moja tu, kwa hivyo haya ninayosema nimeyasikia kwa masikio yangu. Anayetaka kubisha aje tubishane hapa hapa kibandani.

Mukiri ni msusi, na si mtu wa maneno matamu. Ukikalia kiti chake uanze kulalamika kwamba anakaza sana, atakuuliza kama ulikuja kusukwa au kubembelezwa. Hana mume wala mtoto, na watu wa hapa, wale wenye kazi ya kuchungulia maisha ya wenzao, walishachoka kumsema. Ila ana kaka, anaitwa Mwirigi, na taabu yote ilianzia kwake.

Mwirigi ni debe tupu. Alimpeleka binti yake Maxine kwenye akademi yenye basi la manjano, akatangaza kanisani, akatangaza sokoni, akawatangazia hata watu waliopanga foleni ya mbolea. "Wangu anasoma na watoto wa maana," anasema, kifua mbele. Mtoto akafika Gredi ya Nne hawezi kusoma sentensi moja akaimaliza. Baba mtu hana habari, kwa sababu hakuwahi kukaa naye chini akamwambia asome. Sare ilikuwa safi, basi lilikuja kwa wakati, yeye akaridhika.

Mwalimu wake, Madam Lydiah, alijua. Dawa yake ilikuwa kumsimamisha mtoto mbele ya darasa. Maxine anashika neno, anajikwaa, Madam analimalizia haraka haraka. Neno linalofuata darasa zima linalimalizia huku linacheka, basi, mtoto anaketi. Eti huko ni kumsaidia. Hatimaye Madam akamwita Mwirigi akampa uamuzi: siku ya wazazi Maxine atasoma mbele ya watu wote, na akishindwa atarudishwa Gredi ya Pili, darasa la mdogo wake Munene. Mwirigi akaja nyumbani akamwambia mtoto, "Usiniaibishe." Mwanamume mzima, na hilo tu ndilo alilokuwa nalo la kumwambia mwanawe.

Jioni hiyo Maxine alikuja saluni akiwa amevimba macho. Nikamsikia akisema, "Anti, wakinipeleka kwa kina Munene mimi siendi shule tena. Nitakaa hapa nifagie nywele."

"Nywele zangu nafagia mwenyewe," Mukiri akamjibu. "Leta hicho kitabu."

Siku hiyo kitini alikuwa Karwirwa, mke wa mzee wa kanisa, mwanamke anayejua kila kitu isipokuwa wakati wa kunyamaza. Mukiri akamsimamisha mtoto nyuma ya kiti. "Soma. Huyu hana macho kisogoni."

Maxine akaanza. Sauti ilitoka nyembamba, ikakwama. Karwirwa, kwa wema wake ule wa kuudhi, akalitamka lile neno. Mara nikasikia "Uuui", na si sauti ya mtoto.

"Mbona unanivuta nywele?"

"Nani amekuuliza neno?" Mukiri akasema. "Kwangu anayesoma ni mmoja. Wewe kazi yako ni kukaa."

"Mama, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu hakupewa za kusoma."

Akavutwa tena, na safari hii nadhani hata mimi nilisikia uchungu upande huu wa bati. Nilicheka mpaka mteja wangu akaniuliza kama viazi vimenifurahisha.

Basi ikawa ndiyo sheria ya saluni ile. Kila jioni mtoto nyuma ya kiti, kitabu mkononi, na mteja kimya. Akikwama, watu wanangoja. Mukiri anaendelea kusuka, hageuki, hasemi "jaribu", hasemi "vizuri". Wateja wengine walihamia kwa msusi wa chini kule, wakisema hawakuja kusikiliza mtoto akipambana na herufi. Waende salama. Wengi walibaki, na polepole nikaanza kusikia sentensi zinafika mwisho wake, kisha ukurasa, kisha siku moja mtoto akacheka mwenyewe kwa jambo alilolisoma. Nilifurahi nikampa mteja viazi kupita kiasi.

Siku ya wazazi nilifunga kibanda nikaenda, ingawa sina mtoto pale. Mwirigi alikuwa amekaa mbele kabisa na koti lake la harusi za watu. Mukiri alisimama nyuma, mlangoni, aproni yake bado kiunoni.

Maxine akaitwa. Akapita mbele, kitabu mkononi. Akasoma hadithi ya mama mmoja na chungu cha maharagwe, taratibu, akaenda mpaka akafika kwenye neno refu, "yaliyochemshwa". Akasema "yali", akakwama. Watoto wakaanza kucheka chini chini. Mwirigi akainamisha kichwa akatazama viatu vyake. Madam Lydiah, mwema kama kawaida yake, akainuka nusu kitini na kufungua kinywa ili alimalizie.

Maxine akainua mkono mmoja, kitabu bado kwenye mwingine.

"Madam, ngoja," akasema. "Ni langu."

Mtoto akarudi kwenye neno lake akalitafuna kipande kwa kipande, bila haraka, mbele ya wazazi wote wa akademi, mpaka akalimaliza, akaendelea na maharagwe yake. Nililia, na sioni aibu. Madam Lydiah alikuwa amekaa chini, kinywa kimefungwa, na tangu nimjue mwanamke yule hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemwona akifundisha.