Jenereta Yangu Ilimeza Sauti ya Baba Yake

Kosa ni langu, msinitafutie udhuru. Kanisani nimeshindwa kulisema kwa aibu, basi nalisema hapa.

Mimi napiga video za harusi huku Masisi. Kamera ninayo, kubwa, ya lenzi za kubadilisha, na majivuno ninayo zaidi! Siku hiyo Kibabi, mfugaji mmoja mzee, mgonjwa wa kifua, alikuwa anamuaga bintiye anayeolewa mbali, huko Mubi. Kwao baba humnywesha binti maziwa, kisha humbariki kwa maneno yake mwenyewe. Hayarudiwi.

Betri zangu zilikuwa zimeisha, imebaki moja tu kwenye kamera, nikawasha jenereta nyuma ya nyumba nizichaji. Bibi harusi akanivuta pembeni.

"Kaka, hii groupe yako ya umeme iko na makelele mingi. Papa hana tena sauti. Uizime kidogo."

"Usiogope dada, nitayaondoa yote kwa ordinateur nikihariri video."

Mwongo mkubwa mimi! Ekuteri za kusikilizia nilikuwa nazo, lakini nilizivaa shingoni kwa urembo. Ningezitia masikioni ningesikia ninachorekodi. Na kulenga, yaani kuchagua kipi kionekane wazi, niliiachia kamera ijitafutie yenyewe.

Chumbani tulikuwa watatu tu. Mzee akainua kibuyu cha maziwa, akasema polepole. Binti alikuwa analia, hakushika maneno. Alijipa moyo kwamba atayasikia kwenye video.

Mzee alifariki kabla sijamaliza kuihariri.

Binti akatoka Mubi, barabara yote ile ya matope, akaja kwangu. Nikamfungulia video. Kibuyu kilionekana mpaka nyuzi za kamba yake, na nyuma yake uso wa baba ni ukungu mtupu. Na sauti? Trrrrr! Nilikuwa nimejaribu kuisafisha, jamani, lakini kila nikipunguza mngurumo, mzee naye anapotea.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Kaka, weye ulikuwa karibu yake," akasema. "Papa alisema nini?"

Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa, na sikujua hata neno moja. Nilikuwa nakodolea macho kioo cha kamera, nafurahia weupe wa maziwa. Ole wangu!

Wenzangu wa kamera, zimeni jenereta. Ekuteri ziingie masikioni. Lengeni macho ya mtu kwa mkono wenu, na mkiambiwa kuna kelele, msibishe. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hanipi usingizi.

Juzi yule dada amenipigia tena. Anauliza kama nimekumbuka.