Tetemeko la Baharini na Watu Wawili Langoni

Nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu uniulize unachotaka. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwa miaka thelathini na zaidi, na ingawa siku hizi sina darasa, bado naona ni njia nzuri ya kuanza. Usiogope kama hujui lolote kuhusu matetemeko ya ardhi. Nitakueleza kadiri unavyohitaji.

Mimi ni mtu wa Embu kwa kuzaliwa. Kazi ya ualimu niliianzia Ishiara, kwenye joto la Mbeere, kisha nikaolewa Meru nikahamishiwa shule moja mjini. Mume wangu alikuwa na shamba dogo hapa Nkubu, na nilipostaafu tulikuja kujenga. Tulikaa pamoja miaka mitatu, akafariki. Ndugu zake wote walikuwa wamehamia Timau na Nairobi. Mwanangu wa pekee anaishi Embu mjini na familia yake. Kwa hiyo nyumba hii ina vyumba vinne na mtu mmoja, na majirani wanaonizunguka huniita yule mwalimu Mwembu, hata baada ya miaka yote hii.

Rafiki niliye naye ni mmoja. Tulipokuwa tukiishi Meru mjini tulipanga vyumba kwenye ploti moja, si mbali na soko la Gakoromone. Yeye alikuwa Mwislamu wa mjini, bibi yake Mborana na babu yake mtu wa Tanganyika aliyekuja na wazungu akabaki. Alikuwa akikaanga sambusa na kuzipeleka kwa wauza chai wa sokoni. Tulichangia mfereji mmoja, kamba moja ya nguo na ukuta mmoja kwa miaka kumi na tisa. Yeye aliniita jirani, na mimi nikamwita jirani. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, binti yake aliyeolewa Pwani alikuja kumchukua. Tumeendelea kuitana jirani kwenye simu, ingawa kati yetu kuna safari ya siku nzima na nusu.

Nyumba ya binti yake iko karibu sana na maji. Najua kwa sababu alinihesabia hatua: mia mbili na kumi kutoka mlango wa jikoni.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi hivi. Nilikuwa nimesimama sebuleni nikitafuta miwani, nikaona kalenda ukutani inapepea wakati hakuna upepo. Kisha taa inayoning'inia kwenye waya ikaanza kwenda huku na huku, polepole, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Miguu yangu haikusikia chochote. Nikahesabu mpaka ishirini na tano, ikatulia.

Nilikuwa nikilifundisha somo hili, kwa hivyo nilijua ninachokiona. Mwamba ukipasuka chini ya bahari, mtikisiko husafiri ardhini pande zote. Ukifika mbali huwa umechoka, hauna nguvu ya kubomoa, lakini vitu vinavyoning'inia bado huusikia. Nilikuwa nikiwaonyesha watoto kwa beseni la maji na punje ya hindi iliyofungwa kwa uzi. Ndiyo maana taa yangu ilipotikisika sikujihofia mimi. Nilijiuliza ni wapi ambapo mtikisiko huu haujachoka.

Nikawasha redio. Mtangazaji akasema tetemeko kubwa limetokea chini ya bahari, na watu wa Pwani wanaambiwa waondoke ufuoni waende sehemu za juu mpaka itakapojulikana kama mawimbi yatakuja. Hakusema zaidi. Wakaweka muziki wa injili.

Nikampigia jirani. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, lakini haijawahi kuniangusha. Sauti ya yule mwanamke wa kwenye mtandao ikaniambia nambari hiyo inatumika. Nikasubiri kidogo, nikapiga tena. Inatumika. Nikapiga mara ya tatu, ya nne, mara nyingi nikaacha kuhesabu. Inatumika.

Labda utaniambia kwamba simu inayotumika ni habari njema, maana maiti haongei. Ningekubaliana nawe kama nisingekuwa nimejifunza vingine. Siku aliyofariki mume wangu, simu yake ilishinda ikitumika. Mimi ndiye niliyeishika. Watu walisikia uvumi wakampigia yeye wahakikishe, na kila aliyepiga alikuta mwingine ameshatangulia. Tangu siku hiyo nikiambiwa nambari inatumika kwa muda mrefu, nafikiria msiba.

Nikampigia mwanangu.

"Mama, tetemeko gani?" akasema. Nyuma yake nilisikia mashine ya kuosha magari. "Hapa Embu hata chai haijamwagika."

"Jirani yangu hapatikani."

"Yule wa sambusa? Si uko na namba ya binti yake?"

"Sina."

"Sasa mimi nitafanya aje, Mama? Niogelee?" Akacheka, kisha akaona sijacheka. "Atapiga. Wewe tulia. Wewe uko milimani, hakuna maji ya kukufuata huko."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Lakini hakuniuliza kama mimi mwenyewe ni mzima, na simlaumu, maana ndiyo kwanza alikuwa ameeleza kwa nini hakuna haja ya kuuliza.

Nikamwandikia jirani ujumbe, huku nikijua hawezi kuusoma. Husomewa ujumbe na binti yake anaporudi kutoka kazini jioni. Niliuandika ili vidole vifanye jambo. Kisha nikatoa kigoda na uteo nje, nikakaa kuchambua njahi, yale maharagwe meusi, simu juu ya paja. Kila nikimaliza kiganja kimoja, napiga. Nilitenga mawe na maharagwe yaliyotobolewa, na katikati ya kazi hiyo nikaanza kumwona akitembea gizani mwa macho yake, mkono mbele, akihesabu hatua kwa upande usiofaa.

Saa saba na nusu nikasikia lango likisukumwa.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, la sivyo hutaelewa kilichonipata. Huku kwetu, mtu anayeishi peke yake haambiwi habari ya kifo kwenye simu. Hutumwa watu wawili waende kwa miguu. Mmoja ni wa kusema, na mwingine ni wa kukushika usianguke. Hawaji na kelele, hawaulizi kuhusu mvua wala bei ya maziwa. Na hawasemi kitu mpaka uwe umekaa. Nilipokuwa mwalimu nilitumwa mara mbili kwa kazi hiyo, kwa hivyo naujua mwendo wake.

Waliokuwa langoni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa muuza nyama wa sokoni Nkubu, yule Mwislamu ninayenunua kwake nusu kilo kila baada ya wiki mbili. Mwingine alikuwa mkewe, amejitanda buibui, anatembea kwa shida kwenye mteremko wangu. Fikiria: Jumamosi, saa za bucha kujaa, na mwenye bucha ameacha kisu akapanda kilima. Hawajawahi kufika kwangu hata siku moja.

Nikasimama. Njahi zikamwagika.

"Mwalimu, shikamoo," akasema yule muuza nyama. "Kaa kwanza. Tukae kwanza."

Sikukaa. Nilidhani nikikataa kukaa, habari haitasemwa. "Sema tu, ndugu yangu."

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshika kiuno, pumzi zimemwishia. Mume akatazama ukuta wa nyumba, akatazama paa, kisha akanitazama mimi kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Tumetumwa tukuone," akasema.

"Mnione nini?"

"Kama uko."

"Niko."

"Ee." Akajikuna kidevu. "Uko."

Ndipo mkewe akapata pumzi. "Si nilikuambia? Nimekuambia tangu kule barabarani, yule pale anachambua njahi. Unamuuliza mtu anachambua njahi kama amekufa?" Akajitupa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. "Mwalimu, nipe maji. Hiki kilima chako ndicho kitaua mtu."

"Nani amewatuma?" nikauliza.

"Rafiki yako wa Pwani. Mama wa sambusa," akasema muuza nyama. "Anasema tangu asubuhi simu yako inatumika tu, inatumika tu. Anasema uko na tangi la maji juu ya mbao, kando ya chumba cha kulala. Anasema limekuangukia."

Nikakaa chini, palepale kwenye njahi, na yule mama akainuka haraka akanishika bega. Hivyo desturi ilitimia, ingawa hawakuja kwa ajili hiyo. Baadaye niliwauliza kwa nini walikuja wawili. Muuza nyama akaona swali langu ni la ajabu. "Mwalimu, wewe ni mjane, unakaa peke yako. Nitaingiaje kwako bila mke wangu?"

Nikiwa bado chini, muuza nyama akapiga nambari aliyopewa kwa simu yake, akanipa.

"Jirani," nikasema.

"Uko hai?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

"Usiniulize, jibu. Tangi?"

"Tangi limesimama. Na wewe uko wapi?"

"Tumepandishwa shuleni, huku juu. Nimekaa darasani kwenye dawati, magoti yamenifika masikioni. Ungeniona ungenipiga viboko." Nilisikia watoto na kuku nyuma yake. "Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu. Ulikuwa unaongea na nani asubuhi nzima?"

"Nilikuwa nakupigia wewe."

Nafikiri tulielewa kilichotokea kwa wakati mmoja, lakini wewe nikueleze. Watu wawili wakipigiana saa ileile, kila simu huikuta nyingine imeshashikwa. Kila mmoja huambiwa mwenzake anatumika, na anayemtumia ni yeye mwenyewe. Ni kama watu waliokutana mlangoni, kila mmoja akisogea upande uleule ili ampishe mwenzake. Anayeacha kusogea ndiye huwezesha wote wawili kupita. Sisi hatukuacha. Kila mmoja wetu alijiona ndiye mwenye wajibu wa kumtafuta mwingine, na kwa saa tatu na nusu tulizuiana kwa upendo huo.

"Na kabla ya hao," akauliza, sauti imeshuka, "nani alikuja kukutazama?"

"Hakuna."

"Hata mtoto?"

"Nilimpigia mimi."

"Haya." Akavuta pumzi. "Haya, jirani. Mrudishie mwenyewe simu yake, ana wateja."

Hatukusema zaidi. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, lakini simu haikuwa yangu na watu wawili walikuwa wakinitazama. Niliwachemshia chai. Mama yule alikunywa vikombe viwili, mumewe akanywa kimoja akiwa amesimama. Akanieleza jinsi walivyonifikia. Jirani hakuwa na nambari ya mtu yeyote Nkubu. Alimpigia muuza nyama mmoja wa zamani karibu na Gakoromone, anayemjua tangu siku za sambusa. Yule naye alimpigia huyu wa kwangu. Huyu wa kwangu ameniuzia nyama kwa miaka minne, lakini hakujua ninakoishi. Waliuliza kwa watu watatu njiani. Wawili hawakunijua. Wa tatu alisema, labda ni yule mwalimu Mwembu.

Niliwafungia njahi kwenye karatasi, wakaondoka. Nikawasindikiza mpaka langoni, nikasimama nikawatazama wakishuka, mama yule akimlalamikia mumewe kuhusu viatu. Waliponipotea nikarudi ndani. Redio ilikuwa bado inaimba. Saa kumi mtangazaji akasema mawimbi makubwa hayakuja na watu wanaweza kurudi majumbani. Nilifurahi sana. Nilikosa tu mtu wa kumwambia, kwa maana yule ambaye ningemwambia ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani.

Usiku ule sikulia. Lakini nilifanya hesabu kama mwalimu. Kama tangi lingekuwa limeniangukia kweli, ningelala chini yake saa tatu na nusu kabla mtu hajasukuma lango, na hata hao wangefika kwa sababu tu mwanamke asiyeona vizuri, aliyeketi kwenye dawati Pwani, alikataa kukata tamaa. Katika Nkubu nzima hapakuwa na mtu ambaye angegundua.

Jumatatu nikashuka mpaka sokoni. Muuza nyama alikuwa akipangusa mizani.

"Nipe nambari yako," nikamwambia.

"Ya kuagiza nyama?"

"Hapana. Nataka kumpa jirani yangu, ili siku nyingine asizunguke Meru nzima."

Akanitazama, akaacha kitambaa, akanisomea tarakimu mojamoja nikiandika. Mkewe akatoa kichwa nyuma ya pazia. "Na yangu pia, Mwalimu. Huyu simu yake huiacha kwenye friji na maini. Mimi nitakuja kukuona hata bila tetemeko."

Bado hajaja. Ana watoto watano na kilima changu ni kirefu, namwelewa. Jioni ile nilimpigia jirani, tukakubaliana kwamba likitokea jambo mimi ndiye nitakayepiga, na yeye atangoja hata akiwashwa na mikono. Nikamsomea nambari zote mbili, binti yake akaziandika.

Sasa ni zamu yako, na si kazi ngumu. Tafuta mtu mmoja anayeweza kufika mlangoni kwako kwa miguu, umwombe nambari yake uso kwa uso, na umwonyeshe unakoishi. Mtumie nambari hiyo rafiki yako aliye mbali, leo. Kisha mkubaliane ninyi wawili nani atapiga na nani atangoja.