Mama Masufuria Hataki Njia ya Kupumzika

Ni saa sita mchana, na jengo zima la ghorofa nne linajua kwamba Mama Masufuria yuko ngazini. Anapanda polepole, mzigo mgongoni: masufuria, birika, jiko dogo la gesi na dumu la maji la kuongezea uzito. Amevaa gauni la nyumbani na viatu vya mlimani. Akifika juu kabisa, penye kamba za kuanikia nguo, anagusa ukuta, anageuka na kuanza kushuka.

Siku za mwanzo masufuria yaligongana mpaka jirani wa ghorofa ya pili, mwenye mtoto mchanga, akatoka kuuliza kama kuna mtu anahama. Sasa yamefungwa kwa mataulo. Leo jirani anafungua mlango nusu, anampa glasi ya maji na kuufunga bila kuuliza lolote.

Mama huyu ana miaka hamsini na tatu, na karibu ishirini kati ya hiyo ameitumia kuwapikia wageni wanaokuja kutembea milimani. Jina hilo alipewa na wapagazi anaofanya nao kazi, na limemganda kiasi kwamba hata mumewe hulitumia akitaka kumchokoza.

Wiki ijayo anakwenda kupimwa. Atabeba jiko lake kutoka geti la hifadhi hadi kambi ya kwanza na kushuka nalo siku hiyohiyo, msimamizi wa kampuni inayomwajiri akiwa nyuma yake. Akiweza, anarudi kwenye njia aliyoizoea. Akishindwa, atachagua moja: njia nyingine au nyumbani.

Hizo njia mbili ndizo chanzo cha ugomvi wote. Zote zina sifa duniani, na wageni hubishana mezani ipi ni ngumu zaidi. Ya kwanza, ile aliyoizoea, hupita juu, kwenye mawe na baridi, hadi mahali ambapo hewa yenyewe ni ya kugombea. Wapagazi huiita Mama Mkwe, kwa sababu haikufichi kitu. Tangu siku ya kwanza unajua hupendwi. Ya pili huzunguka ubavuni mwa milima, msituni, panda shuka, panda shuka, kwenye tope na mizizi. Hiyo ni Shemeji. Inakupokea kwa tabasamu, inakutania, halafu asubuhi unaamka huna magoti.

Kwenye mabango ya kampuni, Shemeji imeandikwa njia ya wanaoanza. Ndiyo maana mwaka jana, Mama Masufuria alipoanza kuchechemea kidogo, msimamizi alimwita ofisini, akamvutia kiti, akamwambia kwa upole kwamba sasa atapika kwa Shemeji, akapumzike.

"Hilo neno akapumzike ndilo lililonichefua," anasema. "Mpishi hapumziki. Wanaopumzika ni wageni."

Alikwenda hata hivyo, tena akicheka. Shemeji ilikuwa njia ya mumewe. Mzee huyo alibeba mizigo huko maisha yake yote ya kazi, hadi magoti yalipogoma, na miaka yote hiyo mkewe aliiita matembezi ya maharusi. Mzee akirudi hoi, mama alimuuliza kama maua yalikuwa yamechanua vizuri.

Safari hiyo moja ilimnyamazisha. Kwa Mama Mkwe, anaeleza, shida ya mpishi inajulikana: maharage hayaivi na wageni hawali. Sahani zikirudi zimejaa, anajua nani ataugua kabla mwenyewe hajajua. Kwa Shemeji sahani zinarudi tupu na kila mtu anacheka, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini unga unashika unyevu, kiberiti kinalowa, maji ya kupikia yako bondeni, na kilima ulichokipanda kwa jasho asubuhi unakishuka chote mchana.

"Mama Mkwe anakuchosha mapafu, na ukishuka unayapata tena," anasema. "Shemeji anachukua magoti, na akichukua harudishi."

Siku aliyorudi alikaa kitandani akashindwa kuinama kufungua viatu. Mumewe alijishusha sakafuni kwa taabu, kwa magoti yaleyale, akamvua kimoja kimoja.

"Nilimwambia, baba watoto, nisamehe," anakumbuka. "Nilikuwa nakucheka kwa kitu nisichokijua."

Mzee anaposikia hayo yakisimuliwa mbele ya mgeni, anatazama pembeni kuficha tabasamu. Msamaha alishautoa, anasema, ila anapenda kusikia ukiombwa.

Kesho yake mama alirudi ofisini kukataa. Alisema haendi tena njia inayoitwa rahisi, kwa sababu ikishaitwa rahisi malipo hupungua kwa robo na mzigo huongezwa. Msimamizi akamuuliza: kama Shemeji ndiyo ngumu, basi anaomba apewe rahisi? Mama akamjibu kwamba anaomba anayoijua, na kwamba bango lirekebishwe.

Msimamizi hana ubaya naye. Alimweleza mwandishi wa makala haya kwamba anachohofia ni kumshusha mpishi kwa machela mbele ya wageni. Kipimo alikitaja akitumaini kwamba mama ataogopa. Hakumjua vizuri.

Aliyepinga zaidi alikuwa mume. Alimtaka nyumbani, na kwa siku kadhaa maongezi ya nyumba hiyo hayakuzidi kuulizana chumvi iko wapi. Kisha asubuhi moja alibeba kiti, akakiweka ngazini, pale zinapokata kona, na kuanza kutoa maelekezo: masufuria mazito yakae chini, mguu ukanyage wote, mwili ukae upande.

"Kupanda anajua, sikumfundisha mimi," anasema. "Kushuka ndiko wanakovunjikia."

Leo, katika kushuka, goti la kushoto linakwama. Mama anashika chuma cha ngazi, jasho linamdondoka kidevuni. Mzee anainuka nusu kutoka kwenye kiti chake.

"Mama watoto, tua mzigo."

"Nikitua hapa, kule nitatua wapi?"

Anamwonyesha kwa mkono akae. Anasubiri goti litulie, anageuka upande kama alivyofundishwa, na kushuka hadi chini.

Anautua mzigo, na simu inaita akiwa bado anahema. Ni msimamizi. Amefikiria upya: aende Shemeji, atapewa msaidizi wa kumbebea jiko, na kipimo kifutwe. Mama anamsikiliza mpaka mwisho, anamshukuru kwa kumjali, na kumwambia watakutana getini.

Akimaliza msimu mmoja kwa Mama Mkwe, ana mpango mwingine, na anausema bila kucheka. Ataingia ofisini mwenyewe kuomba Shemeji, kama njia ngumu na kwa malipo ya njia ngumu. Wakikataa, ataomba tena msimu unaofuata.

"Nitakwenda kwa kuomba. Kutumwa, hapana."

Anauinua mzigo, anamgeukia mumewe na kumuuliza ampelekee Shemeji salamu gani. Amwambie kwamba mzee ameshamsamehe?

Mzee anajisugua magoti, anafikiri.

"Sijamsamehe," anasema. "Nenda kanilipizie."

Mama anakaza mikanda na kuanza tena kupanda.