Nilivyochana Karatasi ya wateja wakorofi mbele ya bosi, Bujumbura wakati wa vita

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Jana humu kuna jamaa alilalamika kwamba alipiga customer care akawekewa muziki mpaka sikio likapata moto. Nusu ya waliochangia wakamwambia anatia chumvi, labda mtandao ulikuwa mbovu.

Hatii chumvi. Mimi niliwahi kuweka watu muziki makusudi, tena kwa mshahara.

Naandika yaliyonikuta bila kujipamba. Anayeona ni chai ya kutunga apite, mimi najua nilichokifanya.

Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Sasa nina miaka mingi Dar, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo, ila nikikasirika kinarudi kile cha nyumbani.

Wakati huo vita bado havijaisha na simu za mkononi ndiyo kwanza zinaenea mjini. Kampuni moja ya simu, siitaji jina, ilitafuta watu wa kupokea malalamiko ya wateja. Nilipata kazi kwa sababu naongea Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, na siogopi mtu.

Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa mimi, mama na wadogo zangu watatu, na mshahara ulikuwa wangu peke yangu. Hilo lijulikane kabla hamjaanza kuniita shujaa au mjinga.

Tulikuwa sita kwenye meza moja ndefu. Vioo vya dirisha vilibandikwa utepe wa gundi ili visituangukie mlipuko ukitokea. Tuliingia saa moja asubuhi na kutoka mapema, maana kulikuwa na couvre-feu, jioni ikifika hakuna kutembea.

Kuna siku mizinga inasikika kutoka milimani, na mteja yuko hewani ananifokea kwamba simu yake inakatika. Wote wawili tunasikia mlio uleule na hakuna anayeutaja. Yeye anafoka, mimi nasema "mafundi wanashughulikia, monsieur."

Mafundi gani? Mnara wenyewe uko hukohuko kunakopigwa, nani aende? Lakini tulikuwa na kitabu cha majibu na neno "vita" halikuwemo. Bosi wetu, Gervais, alisema linaharibu jina la kampuni.

Sasa niwaeleze kuhusu Karatasi.

Ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza yetu. Mteja akikutukana mara tatu, unaandika namba yake pale. Kuanzia hapo, namba hiyo ikitokea kwenye kioo cha mashine, yeyote anayepokea anasema "tafadhali subiri", anamwekea muziki, anachukua mteja mwingine. Mtu anasubiri mpaka anachoka mwenyewe.

Sisi tuliona ni haki yetu. Ukitukanwa kutwa nzima, na wewe unatafuta pa kulipizia.

Kulikuwa na mama mmoja akipiga kila asubuhi. Anaanza kwa adabu, "Hapa ni Mama Espérance," halafu mvua ya matusi inaanza.

"Muliniibia namba yangu mukapatia mwanaume! Kila siku nikipiga anaitika yeye! Mwizi yeye na nyinyi wote wezi!"

Mimi namjibu kutoka kwenye kitabu. Laini isipoongezwa salio kwa muda fulani, namba inarudi kwa kampuni na kampuni inamuuzia mtu mwingine. Madame, sheria ndiyo hiyo. Madame, una namba mpya sasa, itumie hiyo.

"Mi sitaki mupya! Mi nataka yangu!"

Alinitukania mama yangu. Alinitukania na shule niliyosoma. Mara ya tatu nikasimama, nikachukua kalamu, nikaandika namba yake mpya kwenye Karatasi. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, na nilijisikia vizuri.

Wakuu, kwa siku zote alizopiga, sikuwahi kumuuliza hata mara moja kwa nini anaitaka ile ya zamani. Kitabu hakikuwa na hilo swali.

Kama wiki mbili baadaye akapiga mwanaume, sauti ya mtu mzima mwenye heshima zake. Anauza vitenge mtaa wa Asiatique, watu wanamwita Hadji.

"Dada, mi nimechoka," akasema. "Iko mwanamuke mumoja ananipigiaka kila siku, ananiita mwizi. Muzuie asinipigie tena."

Nikajua papo hapo ni nani. Karibu nicheke. Wateja wawili wanalalamikiana, na wote wameangukia kwangu.

Nikachukua fomu ya malalamiko. Mstari mmoja unasema: kuna namba nyingine inayokusumbua? Nikamuuliza kwa mazoea tu, huku naangalia saa.

"Iko ingine," akasema. "Inatokaka Tanzania, simu inakwaruza sana. Ni musichana, analia, anatafuta mama yake. Amepiga mara mbili. Nikamwambia umekosea namba, usipige tena."

"Alisema jina, Hadji?"

"Sijui... Espérance. Ndiyo, Espérance."

Nikaweka kalamu chini. Lile jina nilikuwa nalisikia kila asubuhi kabla ya matusi, na nilikuwa nalipita kama mtu anavyopita salamu.

Nikampigia yule mama. Alipoona ni sisi akaanza, "Ehee! Leo munapiga wenyewe!"

Nikamkatiza. "Mama Espérance, mutoto wako Espérance iko wapi?"

Akaniuliza taratibu, "We unamujua?"

Ndipo akanieleza. Binti yake alikuwa anasoma shule ya bweni mkoani. Mapigano yalipofika huko wanafunzi walitawanyika, na wiki hiyohiyo yeye mwenyewe alikimbia nyumba yake Gasenyi, akaenda kuishi kwa ndugu hukohuko mjini, Mutanga Sud. Simu ilibaki ndani. Aliporudi baada ya miezi, mlango umevunjwa na simu hakuna.

"Kabla ya kwenda shule nilimushikisha ile namba kichwani," akasema. "Nilimwambia ukipotea, piga hii, mama ataitika. Sasa anaitika mwanaume. Mutoto atafikiri nimekufa."

Nikavua kile kidude cha masikioni. Haikuwa huruma peke yake. Nilikuwa na hasira na bosi, na kile kitabu, na zaidi nilikuwa na hasira na mkono wangu.

Nikaenda kwa Gervais nikamwambia yote. Nikaomba namba irudishwe kwa mwenyewe, au nipewe ruhusa niwakutanishe.

"Namba imeuzwa, ni ya Hadji," akasema. "Na siri ya mteja haitolewi. Hapa ni kampuni ya simu, haiko ofisi ya kutafuta watu waliopotea."

Niwe mkweli, kwenye siri ya mteja alikuwa na hoja. Nilijua hivyo hata wakati ule.

Lakini akaongeza, "Uyu mama iko kwenye liste. Mwekeeni muziki."

Nikarudi mezani, nikaibandua Karatasi ukutani, nikaichana vipande vinne mbele yake. Wenzangu wote wakaacha kuongea, wateja wakabaki wanaita alô, alô.

Gervais hakupiga kelele. Akasema kesho asubuhi anataka maelezo yangu kwa maandishi. Kwetu hiyo inaitwa demande d'explication, na anayeipata huwa anaanza kukusanya vitu vyake.

Saa sita siku hiyohiyo, wakati wa chakula, nikakutana na Mama Espérance mjini, tukaenda dukani kwa Hadji, Asiatique. Nilitegemea mwanamke mkubwa wa kutisha. Alikuwa mwembamba, mfupi, amevaa viatu visivyolingana rangi.

Kosa langu, sikumtaarifu Hadji nakuja na nani. Mama alipofungua mdomo kusalimia, Hadji akaitambua sauti.

"Ni weye unaniitaka mwizi?"

"Na ni weye unakaa na namba ya mutoto wangu!"

Wateja wa vitenge wakasogea kuangalia. Ikabidi niingie katikati na kupaza sauti: "Hadji! Yule musichana wa Tanzania, huyu ndiye mama yake!"

Hadji akakaa juu ya robota la vitenge.

"Astaghfirullah," akasema. "Mi nilimwambia asipige tena."

Alirudia hayo maneno mara tatu, anajiambia mwenyewe. Wakuu, hapo ndipo nilipoona ubaya wote. Binti amepiga mara mbili, mara ya pili amefukuzwa. Kwa nini apige ya tatu?

Namba aliyopigia Espérance ilikuwa bado kwenye simu ya Hadji. Tukaipiga. Akaitika mtu wa Kasulu mwenye simu ya kulipia. Akasema watu wa kambi ya wakimbizi huwa wanakuja kupiga siku ya soko, ni wengi, hawajui kwa majina. Akisikia anayeitwa Espérance atamwambia. Akakata.

Nikamwomba Hadji amwachie mama ile namba. Akatuonyesha mlango wa duka. Ilikuwa imeandikwa pale kwa rangi nyekundu, kubwa, na kwenye risiti zake zote.

"Namba siachi," akasema. "Lakini kiti iko."

Akavuta kiti, akakiweka pembeni ya meza yake, akampa simu mkononi.

Kuanzia siku ile Mama Espérance alikuwa anatoka Mutanga Sud kwa miguu kila asubuhi, anakaa dukani mpaka karibu na couvre-feu. Simu ikilia anaitika yeye kwanza. Wafanyabiashara wanaoagiza vitenge kwa jumla wakawa wanakutana na sauti ya mwanamke inayosema "Alô, mutoto wangu?"

Na kile kinywa chake hakikupumzika. Mteja mmoja alirudisha kitenge anadai kimechuja rangi, mama akakinusa na kumwambia umekichemusha, nenda zako. Hadji aliniambia tangu mama aje, malalamiko yamepungua. Ningekuwa na uwezo ningemwajiri kwetu.

Mimi huku nikaandika maelezo yangu. Jacqueline, tuliyekaa naye meza moja, alinibembeleza niseme nilikuwa na malaria, kichwa hakikuwa sawa. Alikuwa ananitakia mema. Alijua nyumbani kwetu wanakula nini na kwa jasho la nani.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nilimfikiria mama yangu na ada za wadogo zangu, na nawaambia ukweli, niliogopa.

Kisha nikaandika: "Ni kweli nilitoa siri ya mteja. Ni kweli nilichana karatasi. Sikuwa mgonjwa. Ikitokea tena nitafanya vilevile."

Nikatia sahihi, nikampa Gervais mkononi. Akasoma, akaniuliza kama nataka kuifikiria upya. Nikamwambia, "Apana."

Siku nane baadaye unga ukamwagika. Barua ya mistari miwili. Nilirudisha kidude cha masikioni na kitambulisho, nikatoka kabla ya saa sita. Sikulia pale ndani, nisingewapa hiyo raha. Nililia barabarani, na sioni aibu kusema.

Sikutaka kwenda nyumbani kumpa mama ile habari. Miguu ikanipeleka Asiatique.

Nikamkuta Mama Espérance kwenye kiti chake, Hadji anapima vitambaa. Mama akaniuliza mbona mapema leo. Nikasema nimepewa likizo. Hadji akaniangalia, akaelewa, akaniagizia chai.

Sijaimaliza, simu ikalia.

Mama akaitika, "Alô?" Halafu akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Mwanamke aliyetukana kampuni nzima kwa miezi, siku hiyo maneno yalimkimbia.

Sisi tuliokuwa karibu tulisikia sauti ndogo ndani ya ile mikwaruzo, inasema haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatwa: "Samahani baba, najua ulinikataza, samahani, napiga mara ya mwisho tu..."

"Mwana wanje," mama akasema, yaani mwanangu. "Ni mi. Ni mama."

Binti upande wa pili akapiga yowe. Mama akawa anauliza mambo ya kawaida kabisa: umekula? Unalala wapi? Iko na nani? Umevaa nini miguuni? Machozi yanamwagika juu ya vitenge vya watu na Hadji hakuvisogeza.

Walipomaliza, Hadji akanyoosha mkono akaomba simu.

"Mutoto," akasema, "mi ni yule baba. Unisamehe. Namba haikukosea. Hapa ni kwa mama yako, piga saa yote."

Sasa funzo. Wengi mtasema nilivunja sheria za kazi. Nilivunja. Mtasema wadogo zangu waliumia. Waliumia, mmoja alikaa nyumbani mwaka mzima bila shule, na hilo linanichoma mpaka leo. Sitaki kuliremba.

Lakini sitaomba msamaha kwa kuichana ile Karatasi; ninaouomba ni wa namba moja niliyoiandika mwenyewe. Mtu akikutukana kila siku kuhusu jambo lilelile, muulize kwa nini kabla hujamwekea muziki. Swali moja tu, hata kama kitabu chenu hakina.

Wale wa customer care mlioko humu najua mmeshaanza kununa. Njooni hapa chini mtetee muziki wenu, na waliowahi kusubirishwa waje waseme walikuwa wanatafuta nini. Mimi nipo, na leo sina bosi.