Gurudumu la Mwalimu

Wewe utajuaje duka la baiskeli ni zuri? Mimi nilikuwa nimejiandikisha kwa mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na baiskeli yenyewe sina. Maduka mawili ya Bungoma yalinionyesha rangi na kengele. Juzi niliingia la tatu, Kitale, nikamkuta mwalimu mmoja aliyejiandikisha kama mimi. Gurudumu la nyuma la baiskeli yake ya mbio lilikuwa limepinda na spoku kadhaa zimekatika.

"Ni mazoezi tu," akamwambia fundi. "Naitaka kabla ya mashindano ya Jumamosi."

Fundi hakugusa spana. Alipitisha kidole gumba mahali kariya, kile kiti cha nyuma cha kubebea abiria, ilipokuwa imefungwa na kukwaruza rangi.

"Mwalimu, hii imebeba mtu."

"Ati mtu? Hiyo ni ya mbio, bana."

"Si ndiyo nakuuliza. Kama ulikuwa peke yako, nabadilisha spoku. Kama ilibeba mtu, rimu yenyewe ya gurudumu imeumia, na Jumamosi itakuangusha kwa mteremko. Nitengeneze kipi?"

Sisi tuliosoma tunapenda fundi mwenye mikono. Akiwa na maswali, tunamwita mbea. Mimi niliamua palepale kwamba nitanunua hapo.

Mwalimu alitazama mlango, akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake.

"Nilimbeba mama mkwe," akasema. "Malaria ilimzidi kule Misikhu, na hakukuwa na mtu mwingine. Huko kwetu mkwe hata mkono hatusalimiani. Alinishika kiuno mpaka hospitali ya Webuye."